Chumba cha Kurudia Mchana

Mara ya kwanza nilipofika mbele ya Art Institute of Chicago, niliishia kuwatazama simba wa nje. Ni simba wawili wa shaba, kazi ya mchongaji Edward Kemeys, nao wamesimama pande mbili za ngazi za Michigan Avenue tangu mwaka 1894. Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa Januari, upepo ulivuma kutoka Ziwa Michigan ukapenya koti kana kwamba sikuvaa kitu, na milango iliyo juu ya ngazi ilikuwa imefungwa. Nilikuwa nimekuja jijini kwa shughuli ya kikazi ya Jumanne, nikaongeza usiku mmoja wa hoteli kwa fedha zangu mwenyewe ili Jumatano nzima niitumie ndani ya makumbusho, kisha Alhamisi alfajiri niondoke. Nilijua kwamba makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, kwa hiyo nilikuwa nimejihadhari na Jumatatu. Sikujua kwamba haya, kwa ratiba ya wakati ule, yalifungwa Jumanne na Jumatano. Baadaye nilikuja kujua kwamba kila jumba lina siku yake: Louvre ya Paris hufungwa Jumanne, na Metropolitan ya New York hufungwa Jumatano.

Kosa la kuchagua siku lilikuwa langu peke yangu, na dakika tano za kusoma ratiba zingetosha kuniepusha nalo. Kosa la kuchagua hoteli lina maelezo marefu zaidi, nalo ndilo lililonifundisha mengi. Nilichagua kwa jina. Lilikuwa jina la kampuni kubwa ambayo nilikwisha kulala katika hoteli zake za miji mingine nikaridhika, na mwishoni mwa jina hilo palikuwa na maneno yenye maana ya katikati ya jiji, nami nikayaamini kama mtu anavyoamini kibao cha barabarani. Usiku niliofika, dereva wa teksi aliniuliza ninaitaka ipi, kwa kuwa hoteli zenye jina lile mjini ni kadhaa. Sikuwa na anwani mkononi. Akanipeleka kwenye ile aliyoizoea, mhudumu wa mapokezi akalitafuta jina langu mara mbili asilione, kisha akatambua kwamba nafasi yangu ilikuwa katika hoteli nyingine ya jina hilohilo, ng'ambo ya Mto Chicago. Kutoka huko hadi kwa wale simba ni mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa miguu, na nusu saa katika baridi ya Januari ni safari ya kujiandaa nayo.

Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha lililotazama paa la jengo la jirani, na mashine ya kupasha joto iliyonguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena usiku kucha. Niliomba kubadilishiwa, nikaambiwa vyumba vyote vimejaa. Niliporudi nyumbani nikaiandikia kampuni yenye jina, nikajibiwa kwa adabu kwamba jengo lile lina mmiliki wake na kwamba malalamiko yangu yatapelekwa kwake. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo msafiri wa kawaida haambiwi: jina lililoandikwa juu ya mlango na mwenye jengo mara nyingi ni watu wawili tofauti. Kampuni kubwa za hoteli za Marekani, kwa sehemu kubwa, hazimiliki majengo yanayobeba majina yao. Mwenye jengo hulipa ada ili atumie jina, mfumo wa kuweka nafasi na wateja wa kampuni, naye hukubali kufuata viwango vilivyoandikwa kuhusu vitanda, taa, taulo na mengineyo. Kiwango huandikwa mara moja kwa hoteli zote, lakini jengo huzeeka kivyake, na meneja mmoja hashughulikii lifti iliyoharibika kama mwenzake.

Sisemi haya ili kuzibeza hoteli za aina hiyo. Nazipenda, na sababu yake ni ileile iliyozianzisha. Kemmons Wilson alifungua Holiday Inn ya kwanza mjini Memphis mwaka 1952, baada ya safari ya familia ambayo vyumba vilikuwa vibovu na kila mtoto alitozwa ada ya ziada. Alichotaka kumpa msafiri ni uhakika: anayefika usiku mahali asipopajua ajue angalau kitanda atakachokikuta. Kwa mtu aliyekuja kuona michoro, uhakika huo una thamani kubwa kuliko uzuri, kwa kuwa macho yake na akili yake vina kazi nyingine ya kufanya. Ninachosema ni kwamba jina huthibitisha kitanda tu, na halithibitishi mtaa, ukimya, wala umri wa mabomba. Tangu siku ile husoma maoni ya wageni waliolala katika jengo lile mahususi miezi michache iliyopita, na maoni yanayohusu jina la kampuni kwa jumla huyapita.

Miaka miwili baadaye shangazi yangu aliniambia anataka kuiona kwa macho yake picha iliyochorwa na Georges Seurat, Mfaransa aliyechora kwa nukta za rangi. Alikuwa amestaafu baada ya kufundisha uchoraji shuleni kwa miaka mingi, na ubaoni mwake ulikaa ukurasa uliokatwa kutoka kwenye kalenda, wenye watu waliovaa mavazi ya Jumapili kando ya mto, ukurasa ambao wanafunzi wake waliuhesabia nukta hadi karatasi ikachakaa. Mchoro wenyewe, ambao Seurat aliufanyia kazi kati ya 1884 na 1886, umetundikwa katika jumba lile nililoliona kwa nje. Niliona hii ni nafasi ya kuitengeneza safari iliyoharibika, lakini safari hii nilikuwa na mtu mwenye magoti mabovu na kisukari.

Nilimpigia simu nikiwa na mpango mzima mkononi, ratiba, ndege na orodha ya michoro. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Sasa niambie, nikichoka nitakwenda wapi?"

"Ndani kuna mabenchi, shangazi, kila baada ya kumbi chache."

"Benchi si kitanda. Mimi mchana najinyoosha saa moja, ndipo siku yangu inaendelea."

Maneno hayo yalibadilisha namna yangu yote ya kutafuta hoteli. Nilikuwa nimezoea kuuliza umbali wa asubuhi, wakati mtu ametoka kulala, amekula na miguu yake ina nguvu. Umbali unaopaswa kuulizwa ni ule wa saa saba mchana, mtu anaporudi akiwa amechoka, na ule wa saa kumi, anapotakiwa kutoka tena. Makumbusho huchosha kwa namna ya peke yake. Mtu hatembei kwa mwendo mmoja, husimama, hujongea hatua tatu, husimama tena, na kusimama huko huumiza mgongo kuliko kutembea moja kwa moja. Macho nayo huchoka kabla ya miguu, na baada ya saa mbili mtu hupita mbele ya kazi kubwa kama anayepita mbele ya ukuta. Hoteli iliyo karibu kiasi cha kurudi mchana inampa mtu asubuhi mbili ndani ya siku moja.

Basi nilianza na makumbusho, hoteli ikafuata. Niliisoma ratiba ya wakati ule: Alhamisi yalifunguliwa saa tano asubuhi hadi saa mbili usiku, na siku nyingine zilizokuwa wazi yalifungwa saa kumi na moja jioni. Alhamisi ikawa nguzo ya safari. Tungefika Jumatano jioni na kuondoka Jumatatu. Kisha nikatazama kalenda ya Grant Park, bustani kubwa ambayo makumbusho hayo yamo ndani yake, kwa sababu inapokuwa na shughuli, vyumba vyote vya jirani hupanda bei na barabara hufungwa. Mbio ndefu za Chicago Marathon za mwezi wa Oktoba huanzia na kuishia humo, na tamasha la muziki la Lollapalooza hujaza watu humo katika majira ya joto. Tukachagua Septemba. Nilinunua pia uanachama wa makumbusho unaotosha watu wawili, kwa kuwa mwanachama huingia bila kulipa tena kwa mwaka mzima, na mtu anayepanga kutoka na kuingia hapaswi kuwa na wasiwasi wa tiketi.

Hapo ndipo nilipoifungua ramani, na nikagundua kwamba swali la "karibu na makumbusho" halijakamilika mpaka mtu aseme karibu na mlango upi. Jumba lile lina milango miwili mikuu. Mmoja ni ule wa simba, wenye ngazi. Wa pili uko upande wa kaskazini, katika barabara ya Monroe, ndio mlango wa jengo jipya lililobuniwa na Renzo Piano na kufunguliwa mwaka 2009. Kati ya sehemu ya zamani na sehemu ya mashariki hupita reli, treni zikienda chini na kumbi zikiwa juu yake kama daraja, na mwendo wa kutoka upande mmoja hadi mwingine si mfupi hata kidogo kwa magoti yaliyochakaa. Hoteli iliyo mbali upande wa kusini wa Michigan Avenue inaweza kuonekana jirani kwenye ramani, kumbe mgeni wake ana mitaa kadhaa ya kutembea kabla hajaanza kutembea ndani. Nilijiwekea mipaka: magharibi ya Michigan Avenue, kati ya barabara za Madison na Jackson, ambako mtu huvuka barabara moja kubwa tu akawa amefika.

Kuvuka huko nako nilikuhesabu. Ramani ya simu hutoa dakika za kijana asiye na mzigo. Nilimwomba shangazi apime nyumbani kwake muda anaotumia kutembea mita mia tano kwa starehe, akaniletea jibu la dakika kumi na mbili. Kwa kipimo hicho hoteli tatu kati ya saba nilizokuwa nimeziorodhesha zilitoka zenyewe.

Nne zilizobaki zilikuwa na tatizo la pamoja, nalo ni sauti. Mtaa mmoja tu magharibi ya Michigan Avenue kuna Wabash Avenue, na juu ya Wabash hupita reli ya juu ya mji, iliyojengwa kwa nguzo za chuma na kukamilishwa kuizunguka sehemu ya kati ya jiji mwaka 1897. Treni zake hupita usawa wa ghorofa ya pili na ya tatu, na zinapokata kona chuma hulia kwa sauti kali. Wapo wageni wanaoipenda sauti hiyo na kuiona ndiyo Chicago yenyewe. Mimi nilikuwa na mtu wa kulala mchana. Nilipiga simu moja kwa moja kwa mapokezi ya kila hoteli, siyo kituo cha simu cha kampuni, nikauliza maswali ambayo ukurasa wa kuwekea nafasi hauna mahali pa kuyaandika: dirisha linatazama wapi, reli iko upande gani, ghorofa za juu zinaanzia ngapi, lifti ziko ngapi. Majengo mengi ya zamani ya sehemu hiyo yana uwazi katikati, na vyumba vinavyotazama ndani ya uwazi huo havina mandhari yoyote, lakini vimetulia. Mhudumu mmoja, sauti yake ikionyesha amezoea kuulizwa bei tu, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia vyumba vya upande gani yeye mwenyewe angempa mama yake. Nikachukua hoteli ile.

Nilimweleza pia kuhusu bafu. Beseni la kuogea lenye ukingo mrefu ni hatari kwa mtu asiyeweza kukunja goti, na vyumba vingi vya hoteli za kati ya jiji bado vina beseni la namna hiyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayolinda watu wenye ulemavu inazitaka hoteli ziwe na vyumba vyenye vishikio na bafu linaloingilika kirahisi, lakini vyumba hivyo ni vichache, na anayekihitaji akisubiri mpaka siku ya kufika anaweza kukuta kimechukuliwa. Niliomba kiandikwe kwa jina letu, na nikaomba barua pepe inayosema hivyo.

Kuhusu daraja la hoteli nilipata jambo ambalo lilinishangaza. Kampuni moja huwa na majina mengi yaliyopangwa kwa ngazi, na ngazi ya juu haimaanishi kwamba mgeni atapata zaidi anachokihitaji. Hoteli ya juu ina mgahawa, wabeba mizigo na ukumbi wenye marumaru, lakini mara nyingi kifungua kinywa hulipiwa kando, na friji ya chumbani ama haipo ama imejazwa vinywaji vya kuuzwa. Hoteli ya ngazi ya kati huweka kifungua kinywa ndani ya bei, na chumbani kuna friji tupu na jiko dogo la kupashia chakula. Shangazi alikuwa na insulini ya kuhifadhi na saa maalumu za kula. Friji tupu ilikuwa na maana kwetu kuliko marumaru, na tukashuka ngazi kwa furaha.

Bei nayo ina tabaka zake. Wakati ule kodi zote za chumba cha hoteli katika jiji la Chicago zilifika asilimia 17.4, kiasi ambacho kwa usiku tano kinakaribia kuwa bei ya usiku wa sita. Juu ya hapo zipo hoteli zinazotoza ada ya lazima kwa kila usiku kwa huduma ambazo mgeni hakuziomba. Tangu Mei 12, 2025, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani inataka ada za lazima ziwemo katika bei inayotangazwa, ingawa kodi za serikali zinaruhusiwa kuongezwa baadaye, kabla ya mteja kulipa. Kwa hiyo hata leo hulinganisha tarakimu za mwisho kabisa, zile zinazoonekana kabla ya kubonyeza malipo. Mapokezi huzuia pia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana, na fedha hizo huchukua siku kadhaa kurudi. Mtu anayesafiri na kadi isiyo na akiba ya ziada anaweza kukwama siku ya kwanza. Nafasi niliiweka kwa kampuni yenyewe, nikachagua bei inayoruhusu kubadilisha tarehe. Ilikuwa juu kidogo, na nilipolazimika kuisogeza safari kwa wiki moja sikupoteza chochote.

Jumatano ile tulishuka uwanja wa ndege wa O'Hare alasiri, tukapanda treni ya njia ya buluu hadi kituo cha Jackson, ambacho nilikichagua kwa sababu kina lifti. Si kila kituo cha katikati ya mji kinayo. Chumba kilikuwa katika ghorofa ya kumi na nne. Shangazi alifungua pazia, akakuta ukuta wa matofali na madirisha mengine ng'ambo ya uwazi, akasikiliza kwa muda, akasema, "Hapa nitalala." Aliweka dawa zake kwenye friji kabla hajavua viatu.

Alhamisi tuliingia saa tano asubuhi. Picha ya Seurat iko ghorofa ya pili, na mtu akiwa bado ukumbi mmoja nyuma huanza kuiona kupitia mlango, kwa kuwa upana wake ni karibu mita tatu na kimo chake ni zaidi ya mita mbili. Shangazi hakuikaribia. Alisimama mbali, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama nyuma ya darasa. Kisha akasogea hatua kwa hatua mpaka mlinzi akamtazama, akarudi nyuma, akasogea tena. Aliniambia kwamba kwenye kalenda nukta zote zilikuwa na ukubwa mmoja na hapa sivyo, na kwamba kando ya mchoro kuna ukanda wa nukta ambao yule aliyekata kalenda aliutupa. Ukanda huo wa rangi, ambao Seurat aliuongeza mwenyewe baadaye, mimi nilikuwa nimeuona kama fremu. Tulikaa hapo dakika arobaini, na tulipotoka kwenda kumbi nyingine alitazama michoro miwili ya Claude Monet, akakaa, akafunga macho. Ilikuwa saa saba. Nusu saa baadaye alikuwa amelala kitandani mwake, viatu vimepangwa chini ya kiti, na mimi nikakaa dirishani nikinywa chai bila kuwasha taa.

Saa kumi na moja jioni, muda ambao siku nyingine jumba hufungwa, sisi tulikuwa tunaingia. Watu walikuwa wachache. Tulikwenda kwenye kumbi za Marekani, tukaiona picha ya Edward Hopper ya mwaka 1942 yenye mgahawa uliowashwa taa usiku, na kwa kuwa hapakuwa na umati aliweza kukaa mbele yake bila migongo ya watu. Siku ile peke yake ilirudisha gharama ya kulala karibu.

Ijumaa tulijifunza kitu ambacho hakimo katika ramani yoyote. Mbele ya mchoro wa Pierre-Auguste Renoir wa mwaka 1879, wenye wasichana wawili wa sarakasi, mmoja akiwa amekumbatia machungwa, shangazi alisoma kibandiko chote, kama afanyavyo daima, akaniuliza Palmer ni nani, maana jina lile alikuwa ameliona pia kwenye vibandiko vya Monet. Potter Palmer alikuwa tajiri wa Chicago, na mkewe, Bertha, alinunua michoro ya Wafaransa wakati wengi walikuwa bado hawajaielewa; sehemu kubwa ya michoro hiyo iliingia makumbusho mwaka 1922. Inasimuliwa kwamba ule wa wasichana wa sarakasi aliupenda kiasi cha kusafiri nao. Na Potter Palmer huyo ndiye aliyejenga hoteli ya Palmer House, mwendo wa dakika chache kutoka hapo, iliyofunguliwa mwaka 1871 na kuteketea siku kumi na tatu baadaye katika moto mkuu wa Chicago. Aliijenga upya. Jengo la sasa ni la miaka ya 1920, na Conrad Hilton alilinunua mwaka 1945, likaingia katika kundi la hoteli zenye jina lake. Jioni tulipita kwenye ukumbi wake wa mapokezi ili shangazi aitazame dari iliyochorwa. Alikaa kwenye kiti, akainua kichwa, na baada ya muda akasema kwamba sasa anaelewa: fedha za vitanda ndizo zilizonunua yale machungwa.

Jumamosi hatukwenda kokote mpaka saa tisa, na sikuona kuwa tumepoteza kitu. Jumapili tulishuka chini kabisa ya jumba, kwenye vyumba vidogo vya Thorne. Ni vyumba 68 vilivyotengenezwa kwa kipimo cha inchi moja kwa kila futi, vingi vyao katika miaka ya 1930, kwa usimamizi wa mwanamke aliyejulikana kama Mrs. James Ward Thorne: viti vyenye kimo cha kidole, mazulia yaliyofumwa kweli, mwanga wa asubuhi unaoingia kwenye dirisha lisilo na nje. Mtu huviangalia kimoja baada ya kingine akiwa ameinama kidogo, na kuinama huko ndiko kulikomshinda shangazi baada ya vyumba ishirini. Tukarudi hotelini, akalala, tukaja tena saa kumi kumalizia. Mgeni wa hoteli ya mbali angeviacha vile 48 vilivyobaki.

Jumatatu ndege yetu ilikuwa ya jioni. Chumba kilitakiwa kuachwa saa tano, saa ileile ambayo makumbusho hufunguliwa, na mabegi makubwa hayaruhusiwi kwenye kumbi. Tukayaacha mapokezi, yule mhudumu akatupa karatasi mbili zenye namba, tukavuka barabara mikono mitupu. Tulikuwa na saa mbili, na shangazi alisema anataka picha moja tu.

Ni ile ya chumba cha kulala cha Vincent van Gogh. Aliichora mara tatu. Ya kwanza, ya mwaka 1888, iko Amsterdam, ndogo kuliko zote iko Paris, na hii ya Chicago ni ya Septemba 1889. Mwaka 2016 makumbusho yaliwahi kukijenga chumba kile jinsi kilivyochorwa na kukipangisha kwa dola 10 kwa usiku. Shangazi alisimama mbele yake akahesabu kwa kidole, bila kugusa hewa ya karibu na mchoro: kitanda kimoja, mito miwili, viti viwili, meza ndogo yenye jagi, taulo kwenye msumari, dirisha. Akahesabu tena.

"Hakuna friji," alisema.

"Hakuna, shangazi."

"Lakini yuko karibu na kazi yake." Akatazama saa, akanishika mkono. "Twende, mwanangu, mizigo inatungoja."